Nani Anaiambia Ngoma Ibadilike?

Hotuba kwa walimu na wanafunzi, Jinja, Uganda. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu. Pale nilipokatizwa na maswali, nimeyaingiza humohumo ndani ya maelezo.

Mwenyekiti wetu, walimu wenzangu, wazee mliokubali kukaa viti vya mbele, nanyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango ili mkichoka mtoke bila kuonekana: hamjambo nyote.

Nimeambiwa niongee kwa Kiswahili. Nimekubali kwa furaha na kwa woga kidogo. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni, bado nasikia watu wakisema hiki ni lugha ya kambini, ya mpakani na ya madereva wa malori, kwamba kusalimia kinaweza lakini hesabu hakibebi. Basi leo nitakipakia hesabu, na mkiona magurudumu yamekaa chini mniambie.

Kwanza lakini nipeni meza hii. Sikilizeni. (Hapa nilipiga meza kwa viganja.) Hii mnaijua, ni baakisimba, mdundo wa ngoma ya Waganda, ile ya kutembea kwa madaha. Na hii? Naam, nankasa, mdundo mwingine wa Waganda, imekaza. Mikono ni ileile, meza ni ileile, na kichwa hiki kinachozidi kuota mvi ni kilekile. Lakini mmesikia vitu viwili tofauti, na hakuna aliyeniona nikibadilisha meza. Swali langu la leo ni hilo tu: midundo miwili ikikaa ndani ya kichwa kimoja, kwa nini haichanganyikani, na nani anaiambia ngoma ibadilike?

Nauliza kwa uchungu, maana mimi iliwahi kunichanganyikia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, harusini, mjomba wangu kanikabidhi engalabi, ile ngoma ndefu yenye ngozi ya kenge, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Baakisimba ikaenda vizuri. Mjomba kwenye mbuutu, ngoma kubwa, akatoa ishara ya kupanda nankasa, wenzangu wakapanda, mimi nikabaki katikati ya ngazi. Mkono wa kulia umeshafika nankasa, wa kushoto bado uko baakisimba. Wachezaji wakasimama na nyonga zao hewani. Bibi mmoja akacheka hadi akakaa chini. Mjomba hakunigombeza. Aliniangalia tu, na mtazamo ule naukumbuka hadi leo kuliko viboko vyote nilivyopigwa shuleni.

Miaka mingi baadaye nimekuja kufundisha kompyuta, nikakuta kuna wanasayansi waliokaa na tatizo hilohilo la katikati ya ngazi. Wao hawakuwa na engalabi. Walikuwa na mitandao ya nyuroni yenye mzunguko.

Niielezee. Mtandao wa nyuroni ni hesabu inayoiga ubongo kwa mbali sana. Una vijisehemu vingi, kila kimoja kinapokea namba kutoka kwa vingine, kinazijumlisha, kinatoa namba yake. Kati ya kimoja na kingine kuna uzito, yaani namba inayosema sauti ya huyu isikike kwa huyu kwa kiasi gani. Kujifunza ni kurekebisha uzito huo, basi. Sasa, mitandao mingi mnayoisikia, kwa mfano ile ya Makerere inayotazama picha ya jani la muhogo na kusema mmea una ugonjwa gani, mtiririko wake unakwenda upande mmoja: picha inaingia, jibu linatoka, kwisha. Haina jana. Mtandao wenye mzunguko ni tofauti: matokeo ya nyuroni yanarudi ndani tena. Kilichotokea sekunde iliyopita kinazunguka na kukutana na kinachotokea sasa. Ndiyo maana unafaa kwa vitu vyenye wakati ndani yake, kama sauti, mwendo, mto unaopanda na kushuka, ngoma.

Kuufundisha, hata hivyo, ilikuwa shida kubwa. Ukitaka kujua uzito upi ulisababisha kosa, lazima urudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua unazidisha. Chukua 0.9, uizidishe yenyewe mara hamsini: unabaki na kama 0.005, karibu na hewa. Chukua 1.1, fanya vivyo hivyo: unapata 117. Somo ama linayeyuka njiani, ama linalipuka. Sepp Hochreiter aliliona hilo mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi Ujerumani, na mwaka 1997 yeye na Jürgen Schmidhuber wakatoa dawa yao maarufu, nyuroni zenye milango midogo ya kuamua kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe. Sitakaa hapo. Dawa ile inafanya kazi, imetajirisha kampuni nyingi, na wenye kuieleza ni wengi kuliko nzige.

Ninapotaka kukaa ni kwa watu waliofika mahali pa shida wakasema: tuache kabisa kufundisha ndani.

Fikirieni amadinda, marimba ya Waganda. Wazee mbele hapa wanaijua kuliko mimi. Mbao kumi na mbili, wapigaji watatu. Omunazi anaanza na mfululizo wake, taratibu, sawasawa. Omwawuzi amekaa ng'ambo, anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenziwe, moja moja, kama meno ya zipu. Wakikolea, mapigo ya jumla hufikia 600 kwa dakika. Na hapo unatokea uchawi ambao Gerhard Kubik, Mwaustria aliyekuja Kampala mwaka 1959 na kukaa miguuni pa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, alihangaika nao miaka: masikio yako yanasikia nyimbo ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga. Omunazi hapigi wimbo ule. Omwawuzi hapigi. Umezaliwa kati yao.

Yuko wa tatu, omukoonezi. Kazi yake? Anasikiliza mchanganyiko wote, anachukua tu yale yanayoangukia mbao mbili za chini kabisa, na kuyarudia juu kwenye mbao mbili za mwisho. Wale wawili hawamsubiri wala hawabadilishi chochote kwa ajili yake. Yeye ndiye anayechagua cha kusikia.

Mwaka 2001 Herbert Jaeger, Mjerumani, na mwaka uliofuata Wolfgang Maass na wenzake huko Graz, Austria, walifika mahali pamoja kila mtu kwa njia yake. Walisema: tengeneza mtandao wenye mzunguko wa nyuroni mia, uzito wa ndani upange kwa bahati nasibu, usiuguse tena. Huo ni bwawa. Mwaga ishara ndani, bwawa litachafuka kwa mawimbi ya kila aina. Kisha fundisha msikilizaji mmoja tu pembeni, aamue mawimbi yapi ayachukue na kwa kiasi gani. Omukoonezi. Na kumfundisha huyo ni hesabu ya mstari mnyoofu, ile ya kidato cha juu, kompyuta kuukuu inaimaliza kabla hujapiga chafya. Jaeger na Harald Haas walipoijaribu kwenye ishara moja yenye vurugu inayotumika kupimia mbinu kama hizi, walitangaza mwaka 2004 kwamba usahihi umepanda mara 2,400 kuliko mbinu zilizotangulia.

Mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza kama bwawa hilo ni mfano tu wa maneno. Nikamwambia la, mwaka 2003 Uingereza watafiti wawili, Chrisantha Fernando na Sampsa Sojakka, walichukua chombo cha maji, maji kweli, wakafunga mota ndogo pembeni za kuyatikisa. Wakarekodi mtu akisema "sifuri" na "moja" kwa Kiingereza, wakageuza sauti kuwa mitikisiko, wakapiga picha viwimbi, na msikilizaji rahisi wa kompyuta akaweza kutofautisha maneno yale kwa kutazama viwimbi tu. Maji hayakujifunza lolote. Sisi hapa Jinja tuna maji mengi kuliko tunavyojua la kuyafanyia, kwa hiyo vijana, msiniambie hamna vifaa.

Sasa tumefika kwenye engalabi yangu.

Bwawa linaweza kufundishwa ruwaza moja likaicheza lenyewe. Ruwaza, kwa wasiolizoea neno hili, ni mpangilio unaojirudia na kutambulika: mdundo, mwendo, wimbi. Unalilisha bwawa ruwaza kwa muda, halafu, hapa tukiilegeza ile kanuni ya kutougusa, unarekebisha uzito wa ndani kwa hesabu ileile nyepesi ili bwawa, ukiondoa ishara ya nje, liendelee kutikisika kana kwamba ishara bado inaingia. Tuite kupakia. Ruwaza moja, sawa. Je, nne ndani ya bwawa moja, kwa uzito uleule?

Kuna maradhi ya zamani hapa. Mwaka 1989 Michael McCloskey na Neal Cohen, Wamarekani, walifundisha mtandao hesabu za kujumlisha za moja: moja jumlisha moja, moja jumlisha mbili, kama tulivyoimba darasa la kwanza. Mtandao ukajua. Wakaufundisha za mbili. Ukajua za mbili, na za moja zikafutika. Si kusahau kidogo kidogo kama mimi ninavyosahau majina yenu. Zilifagiliwa. Kila somo jipya linakanyaga uzito uleule uliobeba somo la zamani.

Ukiziweka ruwaza nne kwa pamoja badala ya moja moja, unakwepa kufagiliwa, lakini unapata balaa lingine. Uzito sasa unasema: ukiwa unatikisika hivi, endelea hivi, ukiwa unatikisika vile, endelea vile. Vizuri. Lakini ukiliacha bwawa peke yake, kosa dogo kama unywele linalisukuma nje ya njia, nje ya njia hakuna aliyefundishwa lolote, na kosa linazaa kosa. Linaishia kupiga kitu ambacho si ruwaza yoyote kati ya zile nne. Linasimama katikati ya ngazi, mkono mmoja huku, mmoja kule. Bibi anacheka.

Maana yake ni nini? Mimi naona, na hapa nasema la kwangu, kwamba kwa muda mrefu tumeuliza swali la kumbukumbu mahali pasipo pake. Tumeuliza "ruwaza imehifadhiwa wapi?" kama mtu anayetafuta baakisimba ndani ya ngozi ya ngoma. Zote zimo, zote kwa pamoja, katika uzito uleule. Kinachokosekana ni kitu cha kulizuia bwawa lisitanuke nje ya ruwaza unayoitaka sasa hivi. Ni kukatazwa ndiko kunakoipa ruwaza umbo.

Mwaka 2014 Jaeger alitoa andiko refu, refu kweli, akakiita kitu hicho konsepta. Nitajaribu kukieleza bila ubao.

Nyuroni mia zinatoa namba mia kila hatua ya mtandao. Namba mia hizo ni kama nukta moja katika chumba chenye pande mia. Msijaribu kukiona chumba hicho, hata mwenye kukihesabu hakioni. Fikirieni chumba cha kawaida na inzi ndani. Ruwaza ikipita, inzi anaruka, na njia zake zikijaa zinafanya wingu. Wingu hilo si la mviringo. Limelala kama yai lililokaliwa: refu upande huu, bapa upande ule. Na hili ndilo jambo lenyewe: ruwaza tofauti zinafanya mayai tofauti. Baakisimba inalala hivi, nankasa inalala vile.

Konsepta ni kichujio chenye umbo la yai hilo. Kila mara bwawa linapopiga hatua, hatua hiyo inapitishwa kwenye kichujio. Upande ambao yai ni refu, inapita karibu yote. Upande ambao yai ni bapa, inafinywa. Kosa dogo likitaka kulitoa bwawa nje, linakuta ukuta laini na kurudishwa. Weka kichujio cha baakisimba, bwawa lile lenye ruwaza nne linapiga baakisimba. Kitoe, weka cha nankasa, linapanda nankasa. Uzito haujaguswa.

Tufanye hesabu niliyoahidi. Kwa kila upande wa chumba pima nguvu ya mtikisiko, yaani wastani wa mraba wa mwendo. Kichujio kinazidisha upande huo kwa nguvu gawanya kwa nguvu-jumlisha-kitu-kidogo. Kitu hicho kidogo ni moja gawanya kwa mraba wa namba tunayoichagua wenyewe. Tuiite upana wa tundu, kama tundu la kamera. Chukua upande wenye nguvu 4, tundu 1. Nne gawanya kwa tano: 0.8. Unapita vizuri. Upande wenye nguvu 0.01, tundu lilelile: 0.01 gawanya kwa 1.01, karibu 0.01, umezibwa. Sasa panua tundu liwe 10. Kitu kidogo kinakuwa 0.01. Upande wa kwanza unapata 0.998, karibu wote. Na ule mnyonge? 0.01 gawanya kwa 0.02: nusu nzima! Mnaona? Tundu likiwa jembamba mno ruwaza inanyongwa, inafifia na kufa. Likiwa pana mno kila kelele inaingia na ule mkanganyiko wa harusini unarudi. Kazi ya fundi ni kupata kati.

Mwalimu mmoja wa hesabu hapa alitikisa kichwa akisema ni rahisi mno kuwa kweli. Nilimjibu kwamba jaribio la kwanza kabisa katika andiko lile lilikuwa dogo hivyohivyo: nyuroni 100, ruwaza nne. Mbili zilikuwa mawimbi laini, moja likijirudia takriban kila hatua 8.83 na jingine kila 9.83, na mbili zilikuwa mifululizo ya namba tano za kubahatisha, ya pili ikiwa ya kwanza iliyobadilishwa kidogo tu. Angalieni ujanja wa kuchagua mapacha. Mtandao ukiweza kutenganisha mapacha, wengine ni rahisi. Ulitenganisha.

Na kuna zawadi ambayo ndiyo iliyonifanya nisilale. Konsepta ni matriki, jedwali la namba, na Jaeger alionyesha kwamba unaweza kuziunganisha kwa maneno matatu ambayo George Boole aliyageuza kuwa hesabu katika karne ya 19: NA, AU, SI. SI ya konsepta ni yai lililogeuzwa: palipopita pazibwe, palipozibwa papite. Kwa namba zetu, moja kasoro 0.8, unapata 0.2. AU ya mbili ni kichujio kinachoruhusu mawingu yote mawili.

Faida yake? Chukueni hii: umeshapakia ruwaza tano. Unganisha konsepta zake kwa AU, utapata sehemu yote ya chumba iliyokwisha kukaliwa. Weka SI mbele yake. Hicho ndicho chumba kilichobaki! Sasa ruwaza ya sita unaifundisha humo tu, kwenye pande ambazo hakuna mpangaji, na wale watano hawasumbuliwi. Ule ufagio wa mwaka 1989 umepewa mipaka. Unaweza hata kusoma kipimo: wastani wa namba za kichujio kile cha AU. Sifuri, nyumba tupu. Kikikaribia moja, nyumba imejaa, usilete mgeni. Katika jaribio moja ruwaza kumi na sita ziliingizwa moja baada ya nyingine kwenye nyuroni 100 namna hiyo. Na ukileta ruwaza inayofanana na iliyomo, inakula nafasi ndogo, kwa sababu inaazima iliyokwisha kujengwa. Ukileta ileile tena, karibu haili kitu.

Walimu, mnalijua hilo. Mtoto anayezungumza Lusoga hapa mjini anajifunza Luganda kwa nusu ya jasho. Mletee Kichina, anza kutafuta chumba.

SI ilitumika pia kwenye sauti. Wanaume tisa wa Kijapani walirekodiwa wakitamka irabu mbili zikifuatana. Kazi: sema ni nani anayetamka. Kila mtu alitengenezewa konsepta yake. Sauti mpya ikija, huulizi tu "inafanana na ya mtu wa tatu?" Unauliza pia "je, haifanani na yoyote kati ya wale wanane wengine?", yaani SI ya AU ya waliobaki. Ndivyo mzee wa ukoo anavyomtambua mtoto aliyerudi kutoka mjini baada ya miaka mingi. Haangalii tu kwamba pua ni yetu. Anaangalia pia kwamba si ya jirani.

Sasa kasoro, msije mkasema nimekuja kuuza dawa. Konsepta moja ya nyuroni 100 ni jedwali la 100 kwa 100, namba 10,000. Kwa kila ruwaza! Mkosoaji atasema: wewe hujatatua, umehamisha, badala ya kuuliza ruwaza inakaa wapi, sasa tunauliza konsepta inakaa wapi na nani anachagua ya kuweka. Anasema kweli. Jaeger mwenyewe alilijua, akatoa aina nyingine nyepesi, ambazo badala ya jedwali zima zinabeba mstari mmoja wa namba, na aina nyingine inayojiunda yenyewe: unalipatia bwawa vipande vichache vya ruwaza, kichujio kinajikunja kulingana na kilichosikika, halafu linaendelea peke yake. Yaani kama mpigaji anayesikia mapigo mawili matatu nje ya uzio na kuingia tayari anajua ni nini. Hii ya mwisho naiona nzuri kuliko zote na pia dhaifu kuliko zote, maana ukiipa kidokezo kibovu inajikunja vibaya.

Kasoro ya pili ni ya soko. Tangu 2017 ulimwengu umehamia kwenye mitandao mikubwa ya aina nyingine, isiyo na mzunguko wa namna hii, inayokula umeme ambao hata Nalubaale, bwawa letu la kuzalishia umeme hapa Jinja, lingelalamika. Atakayewaambia konsepta zitaipindua anawadanganya. Lakini hapa kwetu, ambapo mtu ana kompyuta moja, kadi ya umeme ya shilingi elfu kumi na hamu ya kujua, kitu kinachofunzwa kwa sekunde chache na kinachoweza kufunguliwa ndani kikaonekana kinafanyaje, mimi nakiheshimu. Mitandao mikubwa nasikia inaongea vizuri. Sijui cha kumwonyesha mwanafunzi nikiifungua.

Je, ubongo wenyewe unafanya hivyo? Hilo liliulizwa na mzee wa kiti cha pili. Kwa konsepta, hakuna anayeweza kuapa. Lakini kwa swali la nani anaiambia ngoma ibadilike, kuna jaribio la Moscow la mwaka 1966 ambalo halinitoki kichwani. Mark Shik, Fyodor Severin na Grigori Orlovsky waligusa kwa umeme sehemu moja ndogo kwenye ubongo wa kati wa paka aliyewekwa juu ya mkanda unaotembea. Umeme mdogo, paka akatembea. Wakauongeza, akakimbia polepole. Wakauongeza tena, akapiga mbio. Sehemu moja, waya mmoja, kitu kimoja tu kinapanda na kushuka, na miguu minne inabadilisha mpangilio mzima. Midundo yote ya mwendo ilikuwa tayari huko chini, kwenye uti wa mgongo. Kutoka juu ilishuka ishara nyembamba tu.

Mjomba hakuwa anatupigia nankasa ili tuifuate. Alikuwa anabadilisha pigo moja.

Nimalizie na nililolifanya mwenyewe, kwa sababu mliniita kama mtu anayefanya, si anayesoma tu. Likizo iliyopita nilirekodi baakisimba na nankasa kwa simu, nikageuza mapigo kuwa namba, nikayapakia kwenye bwawa dogo la nyuroni mia kwenye kompyuta yangu ambayo herufi mbili zimekufa. Wiki nzima tundu lilinishinda. Jembamba: kimya. Pana: makopo yanayoanguka. Siku ya nane likakaa. Niliweka kichujio cha kwanza, nikasikia baakisimba. Cha pili, nankasa.

Kisha nikafanya kile ambacho konsepta zinaruhusu na ambacho nilikuwa nakiogopa kidogo. Vichujio ni namba, kwa hiyo unaweza kuchukua sehemu ya hiki na sehemu ya kile ukachanganya. Kwa mawimbi laini mchanganyiko unateleza polepole kutoka moja hadi jingine, hata ukivuka kidogo nje ya yale mawili linaendelea. Kwa ngoma sikujua. Nikaweka nusu kwa nusu, nikarekodi dakika moja, nikaenda kijijini.

Mjomba sasa haoni vizuri, lakini masikio yapo. Nilimpa simu, sikumwambia ni nini. Akaisogeza sikioni, akasikiliza hadi mwisho, akaniomba niirudie. Akasikiliza tena, vidole vyake vikitafuta kitu juu ya goti, vikipata, vikipoteza.

"Mpwa wangu," akasema, "hii naijua. Hii uliipiga wewe, kwenye ile harusi."